Paul Gerhardt, Mchungaji Aliyekataa Kutia Sahihi

Katika sharika zetu wamo wengi wanaoziimba nyimbo za Paul Gerhardt kwa ghaibu, lakini mwenyewe hawamjui. Wimbo huimbwa siku ya Ijumaa Kuu, kitabu hufungwa, na lile jina dogo lililochapwa pamoja na wimbo halisomwi na mtu. Kwa hiyo tumeona vema kuyaeleza maisha yake, na hasa jambo moja lililompata katika mji wa Berlin miaka ya 1666 na 1667, alipotakiwa kuandika jina lake chini ya karatasi.

Gerhardt alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, nchi ya Sachsen, katika Ujerumani ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Mji ule hauko mbali na Wittenberg, mji wa Luther. Baba yake alikuwa mmoja wa wakuu wa mji, naye akafa mwaka 1619. Mwaka 1621 mama naye akafa. Hivyo Paul akawa yatima hali hajatimiza miaka 15, na mwaka uliofuata akapelekwa shuleni Grimma, shule iliyosifiwa kwa mafundisho ya dini na kwa ukali wake.

Tena wakati ule nchi yote ilikuwa vitani. Vita ile ilianza mwaka 1618, ikaisha mwaka 1648, miaka 30 kamili, wala hayakuwa mengi majimbo ya Ujerumani yasiyojua majeshi ya wageni. Askari walikula mazao shambani, wakachukua ng'ombe, wakachoma nyumba. Na nyuma ya askari ikaja njaa, na nyuma ya njaa tauni. Gräfenhainichen yenyewe iliteketezwa na majeshi ya Sweden mwaka 1637, nyumba ya baba yake Gerhardt pamoja na nyingine. Mwaka uleule ndugu yake Christian akafa. Twayataja haya ili msomaji aelewe nyimbo zile zilitoka wapi. Mtu akizisoma leo, asikiapo maneno ya shukrani ya asubuhi na ya amani ya usiku, aweza kudhani kwamba mwandishi wake alikaa kitako penye kivuli maisha yake yote. Sivyo. Alipokuwa kijana hakujua mwaka mmoja wa amani.

Mwaka 1628 aliingia chuo kikuu cha Wittenberg kusoma elimu ya Mungu. Akakaa katika mji ule miaka mingi, akijifunza na kufundisha, wala hakupata usharika. Yamkini vita ndiyo iliyomzuia, kwa maana sharika nyingi zilikuwa zimekufa. Hata alipopita miaka 35, alikwenda Berlin, akakaa katika nyumba ya mwanasheria mmoja jina lake Andreas Berthold, akiwafundisha watoto. Kwa macho ya watu alikuwa mtu aliyechelewa: hana mke, hana nyumba, hana kazi ya kanisa.

Lakini katika kanisa la Mtakatifu Nikolai la mji ule alikuwako fundi wa nyimbo, Johann Crüger, mwalimu wa waimbaji. Huyu aliyaona mashairi ya Gerhardt, akayatilia sauti. Katika kitabu cha nyimbo alichokichapa Crüger mwaka 1647 zilikuwamo nyimbo 18 za Gerhardt. Katika chapa ya mwaka 1653 zilizidi 80. Hivyo watu walianza kumwimba kabla hawajamsikia akihubiri.

Mwaka 1651 wakuu wa mji wa Mittenwalde, ulio kusini ya Berlin, waliomba mchungaji, nao wachungaji wa Berlin wakamtaja Gerhardt. Akawekewa mikono katika kanisa la Mtakatifu Nikolai tarehe 18 Novemba 1651, naye ana miaka 44. Hapo ndipo panapotupasa kusimama kidogo. Siku ile, kama ilivyokuwa desturi, aliahidi mbele ya Mungu na mbele ya kanisa kwamba atafundisha sawasawa na maungamo ya kanisa la Kilutheri, tangu Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 hata Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, naye akatia sahihi yake. Msomaji aikumbuke sahihi hii ya kwanza, kwa sababu bila hiyo hataelewa kwa nini miaka 15 baadaye alikataa kutoa ya pili.

Mwaka 1655 alimwoa Anna Maria, binti wa yule mwanasheria Berthold. Mtoto wao wa kwanza, Maria Elisabeth, alizaliwa mwaka 1656, akafa mwaka uliofuata. Wazazi walimwekea ubao wa ukumbusho katika kanisa la Mittenwalde, wakatia juu yake lile jibu la Yakobo alipoulizwa na Farao habari za umri wake, katika Mwanzo 47. Watoto wote waliozaliwa katika nyumba ile walikuwa watano. Wanne walikufa wangali wadogo, akabaki mmoja tu, Paul Friedrich.

Mwaka 1657 Gerhardt aliitwa kurudi Berlin awe mmoja wa wachungaji wa kanisa la Mtakatifu Nikolai. Watu walimpenda sana. Alikuwa mpole, si mtu wa kelele, na mahubiri yake yalikuwa ya kufariji. Lakini hapo Berlin palikuwa na fundo la zamani, nasi hatuna budi kulieleza, maana katika nchi zetu haliko.

Mkuu wa nchi ile ya Brandenburg, mmoja wa wakuu waliokuwa na haki ya kumchagua Kaisari, alikuwa Friedrich Wilhelm. Nyumba yake ilikuwa imetoka katika Ulutheri tangu mwaka 1613, ikashika mafundisho ya Calvin, walakini watu wa nchi karibu wote walibaki Walutheri. Hivyo mtawala alikuwa na madhehebu yake, na raia wana yao. Pande mbili hizi zilitofautiana juu ya Meza ya Bwana, juu ya nafsi ya Kristo na juu ya kuchaguliwa na Mungu. Na wahubiri wengine, wa huku na wa huku, walitukanana mimbarani bila haya.

Ni vema kusema kweli juu ya Friedrich Wilhelm. Hakuwa Nero. Alirithi nchi iliyoharibiwa na vita, akaijenga, naye alitaka raia zake wakae pamoja kwa amani. Baadaye, mwaka 1685, Wakristo wa Ufaransa walipofukuzwa kwao kwa ajili ya imani, yeye aliwafungulia mlango. Mtu wa namna hii ni vigumu kumkataa kuliko mtesaji, kwa maana asemalo lina sura ya wema. Alikusanya wanachuoni wa pande zote mbili wajadiliane Berlin, tangu mwaka 1662 hata 1663. Gerhardt hakusema sana katika vikao, bali kwa sehemu kubwa yeye ndiye aliyeandika majibu ya Walutheri. Katika maandiko yale alikiri kwamba miongoni mwa wafuasi wa Calvin wamo Wakristo; ila kwamba watu ni Wakristo na ndugu zake kwa sababu tu ya kuwa wafuasi wa Calvin, hilo alilikana. Kwetu sisi neno hili ni zito, wala hatuwezi kulifuata lilivyo. Lakini hatulifichi, maana ndivyo alivyokuwa.

Majadiliano yalikwisha bila kupatana. Basi tarehe 16 Septemba 1664 mkuu wa nchi alitoa amri: mahubiri ya kushambuliana yamekoma, wala upande mmoja usiubandike upande wa pili mafundisho ambayo wenyewe hawayakiri. Wachungaji walitakiwa kuandika ahadi ya kuishika amri hii na zilizotangulia, na asiyetia sahihi ataondolewa kazini.

Wengi walitia sahihi. Wengine walikuwa na watoto wengi, wengine waliona kwamba amri haidai neno baya. Sisi tuliokaa mbali hatuna haki ya kuwacheka. Mwaka 1665 wachungaji wawili wa kanisa la Mtakatifu Nikolai, mzee Lilius na mwenzake Reinhart, waliondolewa kwa kukataa. Reinhart alikwenda Leipzig. Lilius, aliyekuwa mzee sana, baadaye aliandika ahadi iliyolegezwa kidogo akarudishwa, naye hakuishi siku nyingi baada ya hapo. Gerhardt wakati ule alikuwa mgonjwa. Hata hivyo aliwaita wachungaji wenzake kitandani pake akawasihi wasilegee. Habari hiyo ilifika kwa mkuu wa nchi, naye hakuisahau.

Tarehe 6 Februari 1666 Gerhardt akaitwa mbele ya Baraza la Kanisa, akaonyeshwa karatasi. Alipewa nafasi ya juma moja afikiri. Akajibu kwamba amekwisha kufikiri muda mrefu, wala hataraji kubadili nia. Tarehe 13 Februari akaondolewa kazini.

Mtu atauliza: alikosa nini katika karatasi ile? Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kutukana. Hata watu waliomtetea walilishika neno hilo hasa, kwamba tangu afike Berlin hakuna aliyemsikia akiwanenea vibaya wafuasi wa Calvin mimbarani. Kwa hiyo karatasi haikumwamuru kuacha tendo lolote alilokuwa akilitenda. Hapo ndipo ugumu ulipo, na hapo wengi humhukumu kuwa mshupavu. Lakini Gerhardt aliona hivi: kunyamaza kwa hiari yake, kwa upole, ni jambo moja, kuahidi kwa mkono wake kwamba mtawala ndiye atakayepima lipi katika ungamo lihubiriwe na lipi lisihubiriwe, ni jambo jingine. Kanuni ya Makubaliano iliyakataa waziwazi mafundisho kadha wa kadha. Yeye aliiapia siku ya kuwekewa mikono. Akitia sahihi ya pili, sahihi ya kwanza imekuwa nini? Tena washarika waliomwona akiiapia ile ya kwanza, wataamini nini atakapowafundisha watoto wao?

Mji ulipopata habari, watu walihuzunika sana. Vyama vya mafundi viliandika maombi, na baraza la mji likaandika. Mkuu wa nchi akajibu kwa ukali. Wakaandika tena. Hata wakuu wa majimbo ya Brandenburg wakaingia katika maombezi hayo. Katika miezi hiyohiyo Johann Georg Ebeling, aliyemfuata Crüger katika kazi ya uimbaji, alianza kuchapa nyimbo zote za Gerhardt alizozipata, 12 kwa 12, hata zikatimia 120 mwaka 1667. Basi mchungaji alikuwa amefungiwa mimbara, na nyimbo zake zilikuwa zikitoka katika nyumba ya chapa katika mji uleule. Twadhani kichekesho hicho hakikumpita mtu yeyote wa Berlin.

Mwishowe mkuu wa nchi alilegea. Mwezi wa Januari 1667 alitangaza kwamba Gerhardt amerudishwa kazini, na kwamba hatadaiwa sahihi. Alidhani, alisema, kwamba mchungaji hakuielewa vema maana ya amri. Mji ulifurahi. Mtu angesema habari imekwisha, Mungu amejibu maombi, na mlango umefunguka wenyewe kama ule wa gereza la Petro.

Lakini jaribu lenyewe lilikuwa ndiyo kwanza linafika. Pamoja na tangazo lile ulikuja ujumbe kwa mdomo wa karani wa mkuu wa nchi: bwana wake anatumaini kwamba Gerhardt, hata bila sahihi, atajiweka sawasawa na amri zile. Hakuna karatasi, hakuna kiapo. Ni tumaini tu, lililosemwa kwa adabu. Watu wengi wangeitikia kwa kichwa na kurudi kazini, na pengine hakuna ambaye angewalaumu. Gerhardt aliuchukua ujumbe ule nyumbani, akaupima, asipate usingizi. Akawaandikia wakuu wa mji kwamba hawezi. Ikiwa anarudi kwa maana hiyo, alieleza, basi yale aliyoyakataa kwa kalamu ameyakubali kwa kunyamaza, na mkuu wa nchi atakuwa na haki ya kudhani kwamba wameelewana. Atapanda mimbarani na dhamiri yenye jeraha. Kuliko hivyo, ni afadhali asipande.

Sisi twaona kwamba hapa alikuwa mkubwa kuliko mwaka 1666. Kukataa mbele ya baraza, watu wote wakitazama, ni kazi ngumu, lakini macho ya watu humtia mtu nguvu. Mara hii ya pili hapakuwa na baraza. Mji mzima, waliompenda na waliomwombea mwaka mzima, walitaka arudi, na alipokataa baadhi yao walichoka naye. Aliwaeleza mara moja na mara mbili, wengine wasielewe. Mwalimu yeyote wa kanisa aliyewahi kuambiwa na marafiki zake mwenyewe kwamba jambo limekwisha, alegeze shingo kidogo tu, atajua uzito wa siku zile. Mkuu wa nchi alijibu kwamba ikiwa Gerhardt hautaki utumishi, wakuu wa mji watafute mtu mwingine.

Juu ya haya kuna hadithi moja ambayo twawaomba waalimu waiache. Husimuliwa kwamba Gerhardt alifukuzwa Berlin, akatembea njiani na mkewe bila chakula, wakalala katika nyumba ya wageni; mkewe akalia, naye akaenda bustanini akatunga ule wimbo wa kumkabidhi Bwana njia zetu; na usiku uleule wakaja wajumbe wa mtawala mwingine kumpa kazi. Ni hadithi tamu, lakini si kweli. Wimbo ule, uliojengwa juu ya Zaburi 37:5 hata kila ubeti waanza kwa neno moja la aya ile, ulikuwa umekwisha chapwa mwaka 1653, miaka 13 kabla ya taabu zile. Wala Gerhardt hakufukuzwa mjini. Alikaa Berlin bila kazi, akisaidiwa na marafiki. Tena Anna Maria hakuziona siku za kupata kazi mpya. Alikuwa mgonjwa muda mrefu, akafa tarehe 5 Machi 1668. Kwetu sisi kweli hii ni bora kuliko hadithi. Wimbo ulitungwa kwanza, wakati wa utulivu. Kisha mtunzi alitakiwa kukaa ndani ya maneno yake, wala hapakuja mjumbe usiku.

Wengine huuliza kama mateso yale hayakuwa ya bure, kwa kuwa mwaka 1973, huko Leuenberg katika Uswisi, makanisa ya Kilutheri na ya upande wa Calvin katika Ulaya yalipatana kushirikiana mimbara na Meza ya Bwana. Hatuoni hivyo. Wale wa 1973 waliyasoma maungamo ya pande zote mbili, wakajadiliana miaka, na makanisa yenyewe yakaamua, kila moja kwa hiari yake. Karatasi ya Berlin ilitaka wapatane kwanza kwa amri, na kufikiri baadaye. Inawezekana kabisa mtu aupende upatano wa Leuenberg na amheshimu Gerhardt, nasi tumo katika hesabu hiyo.

Katika mwaka uleule wa 1668 Gerhardt aliitwa na mji wa Lübben, ulio kusini, katika nchi iliyokuwa chini ya wakuu wa Sachsen, ambako hakuna aliyemdai karatasi. Nyumba ya mchungaji haikuwa tayari, kwa hiyo alingoja, akahamia mwaka 1669. Alikuwa na miaka 62, mjane, mwenye mtoto mmoja. Akatumika huko miaka 7. Hatusikii sana habari za nyimbo mpya.

Alipoona mwisho wake unakaribia, alimwandikia mwanawe Paul Friedrich wosia, maana kijana yule alikuwa hajafika hata miaka 15. Alimwambia kwamba mali ya kumwachia ni kidogo, ila anamwachia jina ambalo hana haja ya kulionea haya. Alimtaka asome elimu ya Mungu katika vyuo vinavyoshika imani safi, ajihadhari na watu wanaochanganya mafundisho ili wapate raha ya dunia, asitende ubaya hata akiwa na tumaini la kwamba utabaki siri, wala asikasirike upesi. Na akiona hasira inamjia, anyamaze kabisa kwanza, asitamke neno, mpaka amekwisha kusali kimoyomoyo.

Gerhardt alikufa Lübben tarehe 27 Mei 1676, akazikwa katika kanisa alilolitumikia, ambalo leo linaitwa kwa jina lake. Ndani yake imetundikwa picha yake, mchungaji mzee mwenye vazi jeusi, na chini ya picha wameandika kwa Kilatini kwamba mwanachuoni huyu alipepetwa katika ungo wa Shetani.